“Brutally honest”: mtu anawezaje kusema kweli kikatili?

Msomaji anauliza: “Msimamizi wangu wa utafiti ameniandikia barua pepe yenye sentensi hii: ‘To be brutally honest, your second chapter doesn't work.’ Kamusi yangu inasema ‘brutally’ ni ‘kwa ukatili, kinyama’. Wiki hiyohiyo nikasoma habari ya mtu aliyekuwa ‘brutally murdered’, kisha utabiri wa hali ya hewa uliosema usiku ungekuwa ‘brutally cold’. Je, hili ni neno moja? Mtu anawezaje kusema kweli kikatili? Na lina tofauti gani na ‘cruelly’ na ‘ruthlessly’, ambayo kamusi yangu inayafasiri vilevile?”

Nianze na barua pepe, maana naona ndiyo iliyokuumiza. Msimamizi wako hakukutukana, wala hakukiri kwamba anakufanyia ukatili. Amekwambia mambo mawili kwa mkupuo: kwamba sura ya pili haijasimama, na kwamba ameamua kulisema hilo bila kulizungusha. Kwa Kiswahili angeandika “Nikwambie ukweli bila kukuficha”. Kama mmezoeana, angeweza hata kusema kwamba hataki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kamusi nayo haikukudanganya. Imekupa maana ya neno likiwa limesimama peke yake, na kielezi hiki hakisimami peke yake hata siku moja.

Ndiyo, ni neno moja katika sentensi zako zote tatu. Kinachobadilika ni neno lililo jirani yake. Ukiyaweka matumizi yote mezani utaona kwamba “brutally” hueleza jambo lililofanyika, au lililopo, bila kile ambacho kwa kawaida kingelipunguzia makali. Aliyeua “brutally” ameweka utu kando. Anayesema kweli “brutally” ameondoa ulaini wa maneno. Usiku ulio “brutally cold” hauna nafuu ya aina yoyote. Kwa hiyo ukikutana na neno hili usianze kutafuta ukatili uko wapi. Jiulize kwanza ni nini kimekosekana hapo. Ukishakipata, tafsiri nayo umeipata, na mara nyingi itaanza na “bila” au “pasipo”.

Asili ya neno inasaidia kuelewa kwa nini imekuwa hivyo. Kilatini kilikuwa na kivumishi “brutus”, yaani kizito, butu, kisicho na akili. Warumi walisimulia habari za Lucius Junius Brutus, aliyejifanya zuzu ili asiuawe na mfalme Tarquinius, kisha akaongoza mapinduzi yaliyomaliza ufalme, tukio ambalo kwa mapokeo yao lilikuwa mwaka 509 kabla ya Kristo. Jina lake ndilo hilohilo: zuzu. Kutoka kwenye uzito wa akili neno likahamia kwa wanyama, ambao watu wa zamani waliwahesabu kuwa viumbe wasio na akili. Kiingereza kikalipokea kupitia Kifaransa katika karne ya 15, “brute” likiwa hayawani na “brutal” likiwa la kihayawani. Maana ya ukatili, hii tunayoifahamu leo, ilishika mizizi baadaye, katika karne ya 17.

Kifaransa kwa upande wake kiliendelea kulitumia “brut” kwa maana ya ghafi, kitu ambacho hakijasafishwa wala kuongezwa chochote. Mvinyo wa Champagne ulioandikwa “brut” ni ule wenye sukari kidogo, chini ya gramu 12 kwa lita. Zege lililoachwa bila lipu wala rangi huitwa “béton brut”, na jina hilo ndilo lililochangia kuzaliwa kwa mtindo wa majengo wa brutalizimu uliovuma kuanzia miaka ya 1950. Ukisoma kwamba jengo fulani la London ni “brutalist”, basi hujaambiwa kwamba ni jengo la kikatili. Umeambiwa zege lake liko wazi. Nimeutaja mfano huu kwa sababu unaonyesha vizuri kwamba ughafi umekuwamo ndani ya neno hili muda wote, na “brutally honest” iko karibu zaidi na zege lisilo na lipu kuliko na mtu mwenye panga.

Sasa linganisha na “kinyama”. Kwa umbo, maneno haya mawili yanafanana ajabu: kila lugha imemchukua mnyama, ikampa kiambishi cha namna ya kutenda, ikapata kielezi. Lakini mnyama wa Kiswahili na mnyama wa Kilatini hawakupewa kasoro ileile. Ndani ya “kinyama” kilichokosekana ni utu, na hakuna kingine. Ndani ya “brute” kilichokosekana kilikuwa akili, adabu, malezi na ulaini, na utu ukafuata nyuma. Kwa sababu hiyo “kinyama” inakaa vizuri kabisa na kuua, kupiga na kutesa, lakini inakataa kukaa na ukweli au baridi. Hakuna Mswahili anayesema “ukweli wa kinyama”. Anasema ukweli mchungu, au anasema fulani alimpasulia mwenzake bila kumung'unya maneno.

Tuchukue matumizi yenyewe. La kwanza ni pale “brutally” inapokaa na kitenzi cha kumdhuru mtu: kupiga, kuua, kushambulia, kuzima upinzani. “The protest was brutally suppressed” ni “Maandamano yalizimwa kikatili”, na hapo kamusi yako inatosha. Angalia tu kwamba mara nyingi kitenzi huwa katika kauli ya kutendwa, na kielezi huingia katikati ya “was” na kitenzi kikuu. Waandishi wa habari wanaupenda mno mpangilio huu. Mimi nauonea shaka, hasa katika “brutally murdered”. Hakuna mauaji ya upole. Mhariri makini hukifuta kielezi hicho na kudai maelezo: aliuawa kwa nini, kwa silaha gani, mbele ya nani. Sentensi inayosema mtu alipigwa mbele ya watoto wake inaonyesha ukatili kuliko “brutally” kumi. Ukiwa mfasiri huna ruhusa ya kumrekebisha mwandishi, kwa hiyo andika “aliuawa kikatili” na uendelee. Ukiwa mwandishi mwenyewe, fikiria mara mbili. Neno linafanya kazi halali zaidi pale ambapo tendo lenyewe lingeweza kufanyika kwa njia nyingine. Maandamano yanaweza kutawanywa kwa upole, na mfungwa anaweza kuhojiwa kwa heshima. Hapo “brutally” inaongeza habari ambayo msomaji hakuwa nayo.

La pili ni pale inapokaa mbele ya kivumishi na kukitia nguvu: “brutally cold”, “brutally hard”, “brutally competitive”. Hapa hakuna mtenda ukatili. Baridi haina nia. Kilichotokea ni kwamba neno la kutisha limegeuzwa kuwa kipimo cha kiasi, na Kiswahili kinafanya hivyohivyo kila siku bila sisi kushtuka. Tunasema mtu anaimba hatari, au amependeza vibaya mno, na hakuna anayeuliza hatari iko wapi au ubaya umetoka wapi. Kiingereza kina “terribly” na “awfully”, ambazo zamani zilibeba hofu ya kweli na leo mtu anasema “terribly sorry” kwa maana ya kusikitika sana tu.

Lakini “brutally” haijafika huko, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Bado ina damu mwilini. Husemi “brutally sorry”, wala “brutally happy”, wala “brutally delicious”. Inakubali vivumishi vinavyoumiza au vinavyobana: baridi, joto, ugumu, ushindani, uwazi. Inakubali pia vichache vya ufanisi, kama “brutally efficient” na “brutally effective”, na hata hapo inabaki picha ya kitu kinachofanya kazi bila kumjali anayekanyagwa. Mashine iliyo “brutally efficient” inafanya kazi sawasawa, na msemaji amekuachia wasiwasi kidogo juu yake. Ukitafsiri “yenye ufanisi mkubwa sana” umeupoteza wasiwasi huo. “Yenye ufanisi usiojali kitu” inakaribia zaidi. Kwa baridi, “baridi kali isiyo na huruma” inatosha, au “baridi kali mno” ukiwa katika taarifa fupi.

La tatu ndilo lako: “brutally honest”, pamoja na ndugu zake “brutally frank”, “brutally blunt” na “brutally candid”. Ni matumizi ya kiasi kama yale ya pili, lakini yana siasa yake, na inafaa tukae hapa kidogo.

Maneno “To be brutally honest” yanapotangulia sentensi, ni tangazo. Msemaji anakuandaa kwa pigo kabla hajalitoa. Ajabu ni kwamba tangazo hilo lenyewe ni namna ya adabu. Msimamizi wako angeweza kuandika tu “Your second chapter doesn't work”, na ingekuwa kavu zaidi. Ameongeza maneno manne kukuonyesha kwamba anajua yatauma na kwamba ameyapima. Ukitaka kuona ngazi zenyewe, “to be honest” ni nyepesi, kiasi kwamba wengine huitumia kama pumzi tu katikati ya mazungumzo. “Frankly” ni kavu na ya kiofisi. “To be perfectly honest” huonyesha kwamba msemaji alisita kwanza. “To be brutally honest” iko juu ya zote, na kwa kawaida kinachofuata huwa ni hukumu ya kasoro. Hutamsikia mtu akisema “To be brutally honest, I loved it” isipokuwa anafanya mzaha.

Hata hivyo, tofautisha anayelisema neno hili kwa sentensi moja na anayelivaa kama sifa yake ya kudumu. Mtu anayejitambulisha “I'm just brutally honest” mara nyingi anaomba kibali cha kuwa mkorofi kabla hajaulizwa. Ukimsikiliza vizuri, uzito wake uko kwenye kielezi kuliko kwenye kivumishi. Kiswahili kinamjua mtu huyo, na hakimwiti mkweli. Kinamwita mwenye mdomo mchafu au asiyechagua maneno. Kwa hiyo katika tafsiri ya sentensi kama hiyo usimtakase. “Mimi husema ukweli tu” ni tafsiri inayompendelea mno. “Mimi sichagui maneno, nasema tu” inamweka mahali pake.

Na kwa nini watu wasiseme “cruelly honest”? Swali hilo linatuleta kwenye jirani wa kwanza uliyemtaja. “Cruelly” imetoka katika Kilatini “crudelis”, ambayo ina undugu na “crudus”, yaani kibichi, chenye damu. Leo tofauti yake na “brutally” iko hapa: “brutally” inatazama nguvu iliyotumika, “cruelly” inatazama maumivu ya aliyetendewa. Ukatili wa “cruel” unaweza kuwa wa kimyakimya. Mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula huku akitabasamu anamtendea “cruelly”, na hakuna kofi lililopigwa. Huwezi kusema “brutally” hapo. Wala “cruel” haihitaji ngumi: neno moja la dharau lililochaguliwa kwa makini linatosha. “Cruelly honest” ingemaanisha kwamba msemaji alijua litaumiza na hakuona ubaya wowote katika kuumiza huko, pengine alilipenda. Hilo ni shtaka zito, na watu hawajishtaki wenyewe katika barua pepe.

Labda ndiyo sababu sheria imechagua “cruel” na kuliacha “brutal” kwa magazeti. Sheria ya Haki ya Uingereza ya mwaka 1689 ilikataza adhabu zilizo “cruel and unusual”, Marekebisho ya Nane ya Katiba ya Marekani yakayarudia maneno hayo mwaka 1791, na kifungu cha 5 cha Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinakataza mateso pamoja na adhabu iliyo “cruel, inhuman or degrading”. Katika yote hayo kinachotazamwa ni mtu anayeadhibiwa na yale anayopitia, hata kama mkono ulioadhibu haukuinuliwa kwa hasira.

“Cruelly” ina kazi nyingine ambayo “brutally” haiifanyi vizuri, nayo ni kuilalamikia bahati. “Her life was cruelly cut short.” “We were cruelly deceived.” “Their hopes were cruelly dashed.” Katika sentensi ya kwanza hakuna mtu aliyetenda, ila majaliwa yenyewe yanasemwa kana kwamba yalikuwa na nia mbaya. Hapo “kikatili” inaweza kukupotosha. “Uhai wake ulikatizwa kikatili” inamfanya msomaji wa Kiswahili amtafute muuaji, kumbe mwenyewe alifariki kwa ugonjwa akiwa kijana. Andika “Kifo kilimkatiza mapema bila huruma”, au “Alikatizwa akiwa bado mbichi”. Pia “cruelly” inaweza kusimama mwanzoni mwa sentensi ikifuatwa na mkato, ikihukumu habari nzima: “Cruelly, the letter arrived the day after he died.” Hiyo ni “Kwa uchungu ulioje, barua ilifika siku moja baada ya kifo chake.” Ukijaribu kuanza sentensi ya namna hiyo na “Brutally”, msomaji wa Kiingereza atasita, kwa sababu barua iliyochelewa haina nguvu wala ughafi.

“Ruthlessly” ni habari nyingine kabisa, maana ndani yake kuna lengo. “Ruth” lilikuwa neno la kawaida la Kiingereza la zamani lenye maana ya huruma. Lenyewe limefifia, ukanusho wake ukabaki hai. Halihusiani na Ruthu wa Biblia, ambaye jina lake ni la Kiebrania. Kwa hiyo “ruthlessly” kwa umbo lake ni “bila huruma” hasa, lakini katika matumizi ya leo inamchora mtu anayejua anakokwenda na asiyemruhusu yeyote kumpunguza mwendo. Ndiyo sababu linaweza kuwa sifa njema. Mshambuliaji wa mpira aliye “ruthless” mbele ya goli anasifiwa. Msimamizi wako akikushauri “Edit ruthlessly”, anataka ukate kila sentensi isiyo na kazi, hata ile uliyoipenda, na Kiswahili chake ni “Kata bila kuonea huruma” au “Kata bila simile”. Ukisoma kwamba kampuni fulani ilikuwa “ruthlessly exploiting” wafanyakazi wake, ni ukatili wa hesabu: wamiliki hawakuwachukia watu hao, waliwapigia mahesabu tu. Kwa hali hiyo “iliwanyonya pasipo huruma” inafaa kuliko “kinyama”.

Wengine nitawapitia haraka. “Mercilessly” humwona aliyeonewa akiwa kama anaomba aachwe, naye haachwi. Ndiyo sababu hutumika kwa utani unaozidi, “they teased him mercilessly”, na kwa jua linalochoma bila kupumzika. “Savagely” ina asili ya Kilatini “silva”, msitu, na inakaa na mbwa anayerarua au uhakiki unaorarua kama mbwa. Nomino yake, “savage”, ilitumiwa na wakoloni kuwaita watu washenzi, kwa hiyo kielezi kisikufanye uzoee nomino. “Viciously” hubeba nia ya kuumiza, hata katika jambo dogo kama uvumi. “Callously” naipenda kuliko zote kwa ajili ya mfasiri, kwa sababu Kilatini “callum” ni ngozi ngumu ya kiganja, yaani sugu, na sisi nasi tumelichukua neno sugu kutoka mkononi tukalipeleka rohoni tunaposema mhalifu sugu. Aliyetenda “callously” ametenda kwa moyo uliokufa ganzi: ameona maumivu ya mwenzake na hayakumgusa.

Kuhusu sarufi sina mengi. Tahajia inasumbua zaidi kwenye “cruelly”, ambayo ina l mbili kwa sababu neno “cruel” linaishia na l na kiambishi kinaanza na l, vivyo hivyo kwa “brutally”. Wengi huandika l moja. Kwa mahali pa kukaa, kielezi huja baada ya yambwa, “He treated them brutally”, au kabla ya kitenzi kikuu katika kauli ya kutendwa, “They were brutally treated”. Usikiweke katikati ya kitenzi na yambwa: “He treated brutally them” haikubaliki. Na baada ya kitenzi “kuwa” peke yake unahitaji kivumishi, si kielezi. Mtu “is brutal”, hawi “is brutally”, ila kama kuna neno jingine linalofuata, kama vile “is brutally honest”.

Sasa jibu utakalomwandikia msimamizi wako. Usimshukuru kwa “brutal comments” zake, hata kama neno alilianzisha yeye. Msemaji akijiita “brutal” anajishusha kidogo ili upokee anachosema, lakini mpokeaji akilirudisha inakuwa malalamiko: unamwambia ameumiza. Pia usiandike “your brutal honesty” kwa mtu ambaye hamjazoeana, ingawa kati ya marafiki inapita. Andika “Thank you for being so frank about chapter two”, kisha muulize ni sehemu gani hasa ya sura hiyo haijasimama, kwa sababu “doesn't work” ni hukumu tu na hajakwambia bado tatizo ni hoja, mpangilio au ushahidi.